Mapanki ya Red Lake

Kizibo cha boti kilikuwa mfukoni mwa koti la Jaduong', na boti ilikuwa majini.

Tulikuwa tumeishusha kutoka kwenye trela dakika tatu tu zilizopita. Mimi nimekaa mbele nimekumbatia ndoo ya chambo, yeye yuko nyuma anabembeleza injini, na jua ndiyo kwanza linataka kuchomoza. Nikasikia soksi zinalowa. Mtu aliyezaliwa Ukerewe hahitaji kuambiwa maana ya maji kwenye soksi. Nikanyakua kopo la kahawa, kahawa yenyewe nikaimwaga ziwani, nikaanza kufua maji kama nilivyokuwa nikifua kwenye mtumbwi wa baba nikiwa darasa la tatu: chota, mwaga, chota, mwaga, macho hayaangalii kopo, yanaangalia nchi kavu iko umbali gani.

"Jaduong', boti inavuja!"

"Haivuji," akasema, huku anajipapasa mifuko mmoja baada ya mwingine. "Haivuji, Mtanzania. Iko wazi tu."

Huku Minnesota, Marekani, ni kosa kupita barabarani na boti bila kuchomoa kizibo chake. Maji ya ziwa moja hayatakiwi kusafiri hadi ziwa jingine, kwa sababu yanabeba wageni wasiotakiwa, hasa kome wadogo wenye mistari kama ya pundamilia ambao wakishaingia ziwani hawatoki tena. Kwa hiyo unachomoa, unakausha, unaondoka. Kosa letu ni kwamba tulichomoa kwa heshima zote, tukasahau kurudisha. Jaduong' ni mtu wa Homa Bay, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, na sheria hii haijawahi kumkera hata siku moja. Amekulia mahali ambapo asubuhi unaamka unakuta ghuba nzima imegeuka shamba la gugumaji, na mitumbwi imefungiwa pwani kama ng'ombe. Aliingiza mkono kwenye yale maji baridi hadi kwenye bega, akakizungusha kizibo, akakaa akihema. Halafu tukacheka mpaka mwari mmoja mweupe aliyekuwa karibu akaona bora aondoke.

Majaketi ya kuokolea maisha tulikuwa tumeshayavaa tangu nchi kavu, kamba zimefungwa hadi shingoni. Kwa hilo sina mzaha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kufika Ukara, na hakuna mtu wa visiwa vyetu asiyemjua aliyezikwa wiki ile.

Jaduong' kwa Kijaluo ni mzee wa heshima, na sisi wa Afrika Mashariki wa Brooklyn Park, mji tunaoishi huku, hatumwiti jina jingine. Ni muuguzi. Mimi nafanya kazi ya kulea wazee, zamu ya usiku, na tulijuana kwenye korido saa tisa za usiku, kila mmoja ana kikombe cha chai na macho mekundu. Aliponiambia ana boti nilidhani ana biashara. Kwetu mtu mwenye boti ni tajiri, na neno hilo ziwani halimaanishi tu mtu mwenye hela. Tajiri ndiye anayekukopesha nyavu, mafuta na unga, na wewe unamlipa kwa samaki, na deni haliishi. Baba yangu alivua miaka yote na sidhani kama aliwahi kuingia ziwani siku ambayo hakuwa anadaiwa na mtu. Kwa hiyo Jaduong' aliponiambia, "Twende tukavue Jumanne," swali lililonitoka ni, "Kwa mkataba gani?" Mpaka leo anachekesha watu kwa swali langu hilo.

Tuliondoka saa sita na nusu usiku. Minnesota inajiita nchi ya maziwa 10,000, imeandika hivyo mpaka kwenye vibao vya magari, na kwa mara moja mtu amejisifu chini ya kiwango: maziwa yenye ukubwa wa ekari 10 na kuendelea ni 11,842. Tungeweza kuvua dakika kumi kutoka nyumbani. Lakini Jaduong' alikuwa na lake moyoni, Upper Red Lake, zaidi ya kilomita 400 kaskazini. Tulipita Bemidji, ambako kuna sanamu kubwa la mkata magogo na fahali wake wa buluu lililosimama pale tangu mwaka 1937, tukapita Blackduck, tukapita Kelliher, na baada ya hapo ni misonobari na matope na swala wakubwa wanaosimama kando ya lami wakikuangalia kama wewe ndiye umepotea. Kijiji cha Waskish tulifika saa kumi na moja alfajiri, duka la chambo limefunguliwa.

Chambo chenyewe kilinitia uchungu. Ni visamaki hai, vyembamba, vya rangi ya fedha, urefu wa kidole. Nikamwangalia muuzaji, nikamwangalia Jaduong'.

"Hizi si dagaa hizi?"

"Ni omena, ndiyo. Lipa."

Nikalipa dola saba kwa dazeni moja. Mama yangu alikuwa anauza dagaa kwa kisado.

Red Lake ndilo ziwa la asili kubwa kuliko yote yaliyomo ndani ya Minnesota peke yake. Ukisimama ufukweni huoni ng'ambo. Lakini halifiki kilomita za mraba 1,200, na Ziwa Victoria lina kama 68,800, kwa hiyo kila mara mtu pale aliposema "the big lake" mimi na Jaduong' tulikuwa tunaangaliana kama watu wazima wanaosikiliza mtoto. Kilichonishangaza si upana, ni kina. Sehemu hii ya juu ni kama sinia. Unaenda, unaenda, na kipimo cha boti kinakuambia mita mbili, mita mbili na nusu, mita mbili. Na maji yenyewe yamekolea rangi, kwa sababu yanachujwa na matope ya kinamasi kikubwa kilicholizunguka. Chai ya rangi, nikasema mimi. Strungi, akasema yeye. Tulikuwa tunazungumzia kitu kimoja.

Nanga tuliitupa upande wa mdomo wa mto Tamarac. Ilikuwa mwisho wa Mei, na walleye, ndio samaki tuliowafuata, wakishamaliza kutaga, mwanzoni mwa msimu hawana haraka ya kuondoka maeneo ya pembeni yenye maji mafupi. Msimu ulikuwa umefunguliwa wiki mbili nyuma. Huku ufunguzi wa walleye ni sikukuu kabisa, huangukia Jumamosi katikati ya Mei, mara nyingi mkesha wa Siku ya Mama, na nasikia kuna ndoa zimeyumba kwa ajili hiyo. Sisi tulikuja Jumanne. Maboti mengine niliyoyaona yalikuwa matano.

Basi nikafundishwa kuvua na Mjaluo. Nilishika nyavu kabla sijashika kalamu, mishipi ya mkono nimeivuta mpaka vidole vikachanika, lakini fimbo yenye gurudumu sikuwahi kuigusa. Mshipi ni mwembamba kama uzi wa kushonea. Mwishoni kuna chubwi dogo la gramu tatu na nusu hivi, la rangi ya chungwa inayowaka, ndoano imetokea ndani yake. Unamvisha dagaa wako kwenye ndoano, unashusha hadi uguse chini, unainua kama shubiri moja, unasubiri. Unainua tena. Basi. Nilitegemea samaki anayekamata kama sangara, yule anayekupokonya mshipi mkononi na kukimbia nao. Dakika ishirini zikapita nikiona hakuna kitu, wakati Jaduong' ameshatoa wawili.

"Wanakula kwako pia," akasema. "Hujui tu wanavyobisha."

"Wanabishaje?"

Akafikiri. "Unajua unavyogonga mlango wa mzee usiku, unataka kujua kama amelala, lakini hutaki kumwamsha? Hivyo."

Nikaelewa papo hapo, naigonga milango hiyo kila usiku. Nikafumba macho. Ncha ya fimbo ikafanya kitu ambacho hata sio mtikisiko, ni kama uzito umebadili mawazo. Nikainua. Fimbo ikapinda, na huko chini kitu kikatikisa kichwa mara mbili, tatu, taratibu, kama mtu anayekataa.

Walleye wangu wa kwanza alikuwa na sentimita 38. Mgongo rangi ya zeituni, ubavuni dhahabu, tumbo jeupe, na ncha ya chini ya mkia ina doa jeupe kama imechovywa kwenye rangi. Pezi la mgongoni lina miiba, nalo likanichoma kidole gumba kabla sijamaliza kufurahi. Lakini aliponigeukia nikasahau kidole. Jicho lake halina mtazamo. Ni duara kubwa lenye ukungu, kama gololi ya maziwa, na mwanga wa asubuhi ulipoliingia likawaka kutoka ndani.

Nalijua jicho la namna hiyo. Nilipokuwa mdogo, baba akirudi mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, kabla ya kupambazuka, mimi ndiye niliyeshika kurunzi. Ukimulika ndani ya mtumbwi, kitu cha kwanza kukuangalia hakikuwa baba, ni macho ya sangara, yamewaka kwenye giza kama makaa. Kwa miaka mingi niliamini wanakuwa bado hai na wamekasirika. Jaduong' ndiye aliyenieleza, pale kwenye boti, huku anakunja mshipi: nyuma ya mboni kuna utando unaorudisha mwanga, kama wa paka. Walleye anaona kwenye giza ambalo samaki anayewindwa naye haoni kitu. Ndiyo maana kwenye maziwa maangavu anavuliwa alfajiri na magharibi, au siku ambayo upepo umekunja uso wa maji mwanga usipenye. Na ndiyo maana Red Lake ni raha: maji ni meusi tayari, samaki hajui kama ni mchana, anakula tu.

Na kweli walikula. Baada ya walleye wa ishirini niliacha kuhesabu. Wengi tulikuwa tunawarudisha, kwa sababu siku ile kila mmoja wetu aliruhusiwa kubaki na wanne, na kati yao mmoja tu ndiye angeweza kuzidi inchi 17, yaani sentimita 43. Jaduong' ana ubao wa kupimia aliougundisha kwenye ukingo wa boti. Kila samaki analazwa pale, pua inagusa ukuta, mkia unabanwa, unasoma. Nilikuwa naufanyia kazi ubao huo kwa nidhamu ya mwanafunzi mgeni. Kwetu rula ya samaki ilikuwa kitu cha serikali. Sangara ilikuwa sentimita 50 hadi 85, nje ya hapo ni haramu, na rula ikionekana mwaloni watu wanakimbia. Sikuwahi kumwona mtu amejipima mwenyewe, katikati ya maji, hakuna afisa.

Halafu saa nne hivi nikamshika yule mkubwa.

Huyu hakubisha mlango. Nilidhani nimenasa kwenye gogo, nikavuta, gogo likaanza kutembea kuelekea kaskazini bila wasiwasi wowote. Gurudumu likalia. Jaduong' akaweka fimbo yake chini, akachukua wavu wa mpini, akaanza kunipigia kelele kwa Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza kwa zamu. "Usimlazimishe! Mwachie! Sasa vuta. Hapana, pole, pole, wewe, huyo si mbuzi!" Dakika nne, labda tano. Alipotokea juu nikaona ubavu wa dhahabu unageuka chini ya ile strungi, mrefu kama mkono wangu. Sentimita 61.

Nilikuwa bado na nafasi yangu ya mmoja mkubwa. Kisheria alikuwa wangu. Nilimshika chini ya tumbo kwa mikono miwili na kichwani mwangu hesabu ikajifanya yenyewe, kilo mbili na zaidi, nikaona sufuria, nikaona majirani. Jaduong' hakusema kitu. Akajifanya anapanga chambo.

Muda mfupi kabla ya hapo, samaki walipokuwa wametulia, alikuwa amenisimulia habari za ziwa lile. Walleye wa Red Lake waliwahi kuisha. Walivuliwa kwa nyavu za biashara tangu mwaka 1917, na wakavuliwa kwa ndoano, na katikati ya miaka ya 1990 ziwa likawa tupu. Mwaka 1997 wavuvi wa kabila la Red Lake, ambao ni Waojibwe na ndio wenye sehemu kubwa zaidi ya maji yale, wakaweka nyavu chini wenyewe. Mwaka 1999 kabila na jimbo wakakubaliana kufunga uvuvi wa walleye pande zote mbili. Vifaranga zaidi ya milioni 100 vikamwagwa kwa awamu tatu. Watu wakakaa. Mwaka 2006 ndipo ndoano ya kwanza ikarudi majini. Mimi niliuliza swali la mtoto wa mvuvi: miaka yote hiyo matajiri wa nyavu walikuwa wanasemaje? Akacheka. "Ninyi watu wa Mwanza mnawaza tajiri tu."

Nikamshusha yule samaki majini, bado nimemshika mkiani. Alikaa kidogo anafungua na kufunga mashavu, jicho lile la ukungu linaangalia juu. Halafu hakuwepo. Nilibaki nimeloweka mikono mpaka ikauma kwa baridi.

"Baba yako angekuchapa," Jaduong' akasema.

"Angenichapa sana."

Mchana upepo ulianza kutoka magharibi, upande wa maji ya kabila ambako sisi haturuhusiwi kuvua. Mpaka umo katikati ya ziwa, hauna boya wala kamba, uko kwenye skrini tu, na Jaduong' asubuhi nzima alikuwa anauchungulia kama mtu anayepita karibu na shamba lenye mbwa. Ziwa fupi linachafuka haraka. Nusu saa nyuma lilikuwa limelala, sasa mawimbi yalikuwa yanapiga ubavu wa alumini na kuturushia chai usoni. Boti yake ni Lund ya futi 16, si meli. Tukang'oa nanga bila kujadiliana. Tulikuwa na saba, mimi watatu, yeye wanne.

Nchi kavu nilipata mtandao nikampigia baba kwa video. Huku saa saba mchana, kwake saa tatu usiku, amekaa kibarazani. Nikamwonyesha wale saba juu ya barafu. Akawaangalia kwa muda.

"Sangara wadogo hao."

"Si sangara, baba. Wanaitwa walleye."

"Kilo bei gani?"

"Hawauzwi. Ni wa kula tu. Na wengine tumewarudisha ziwani."

Kimya. Nikadhani simu imekatika. "Waliharibika?" akauliza.

Jaduong' akaingiza uso kwenye kioo, akamwamkia, "Shikamoo mzee," na wakaanza kuzungumza habari za mvua na bei ya injini kama watu waliojuana tangu jeshini. Swali la kurudisha samaki halikujibiwa.

Karibu na gati kulikuwa na kibanda cha kuparia samaki, meza ndefu za bati, maji ya bomba, kila mtu na kisu chake. Wenyeji wana mkono mwepesi ajabu. Kisu kinaingia nyuma ya shavu, kinageuka, kinatambaa juu ya uti wa mgongo hadi mkiani, fileti inaanguka. Sheria inataka fileti ya kusafiri nayo ibaki na kipande cha ngozi chenye magamba, ili afisa akikusimamisha ajue ni samaki gani. Nyama nyeupe, haina miiba midogo. Na kinachobaki, kichwa, mifupa, mkia, kinatupwa kwenye pipa.

Mimi na Jaduong' tuliliona pipa lile wakati mmoja.

Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilipojaa Mwanza, fileti za sangara zilipanda ndege kwenda Ulaya na mifupa ikaletwa sokoni kwetu. Tuliiita mapanki. Mama aliikaanga, akaiunga nyanya, na sisi tukagombania vichwa, kwa sababu shavuni kiwanda kilikuwa hakijamaliza. Samaki aliyevuliwa na baba yangu nilimla hivyo, nusu yake ya ndani.

"Mgongo wazi," Jaduong' akasema kwa sauti ya chini, macho kwenye pipa.

"Nini?"

"Hiyo. Kwetu tunaita mgongo wazi."

"Kama gauni?"

"Kama gauni. Mgongo uko nje, hauoni?"

Mzee mmoja wa Kizungu, kofia imefifia, alikuwa anamalizia samaki wake wa mwisho mbele yetu. Jaduong' akamuuliza kwa adabu kama ile mifupa anaitupa. Mzee akasema tuchukue tu, ni mbolea nzuri sana kwa nyanya, mkewe alikuwa anaifukia bustanini.

"Si ya bustani," Jaduong' akamjibu. "Ni ya sufuria."

Mzee akaangalia pipa, akatuangalia, akafuta kisu taratibu. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea: bibi yake alikuwa akichemsha vichwa, yeye alikuwa mtoto, alikuwa anaona aibu wageni wakija. Akatuwekea vichwa vyake vyote kwenye mfuko, akaongeza barafu yake mwenyewe. Nikatoka pale nimebeba fileti mkono huu na mapanki mkono huu, na sijui kama niliwahi kubeba vyote viwili siku moja.

Tulifika nyumbani saa tatu usiku. Mke wangu alikuwa ameshaweka maji ya ugali. Fileti tulizitia kwenye friza, hakuna aliyezitaka. Vichwa tuliviosha kwa ndimu na chumvi, tukavipanga kwenye sufuria kubwa, vitunguu, nyanya, tangawizi, pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa. Jaduong' alisimama jikoni kwangu akitoa amri kama yuko boti. Alikula kwa mikono miwili, jasho linamtoka, na kila mfupa alioumaliza aliuita mgongo wazi kwa sauti ili niusikie.

Binti yangu ana miaka sita, amezaliwa huku. Nilikuwa nimemwambia njiani kwa simu kwamba namletea samaki mwenye jicho linalowaka. Akavuta kiti, akakizungusha kichwa kwenye sahani upande huu na upande huu.

"Haliwaki," akasema.

Kweli lilikuwa halijawaka. Limegeuka punje nyeupe, ngumu, kama jicho la samaki yeyote aliyeiva. Jaduong' akamuuliza kama atalila au alile yeye. Mtoto akalifikiria, akalifunika kwa mkono.